Mchele wa Wageni

Saa mbili asubuhi. Nje, kando ya barabara ya Keroka, lori la ndizi linapakiwa na makuli wanatupiana maneno. Ndani ya stoo, Kinsi hana habari nao. Ameketi juu ya kreti ya soda, mtandio ameufunga nyuma ya shingo usimsumbue, na mkononi ameshika paketi ya tambi anayoitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Hii italiwa, ama itawekwa?" anauliza, bila kungoja jibu.

Anaitia kwenye kapu la kushoto. Mkebe wa samaki unafuata: anabonyeza kifuniko kwa kidole gumba, anaugeuza kusoma tarehe, kushoto. Maharagwe anayamwaga kwenye ungo, anayapepeta, anatafuna moja kujua kama ni ya msimu huu, kulia. Unga wa wimbi anauonja kwa ncha ya ulimi. Huo unakwenda kulia pamoja na tabasamu.

Kuna mfuko mmoja wa mahindi yenye rangi ya waridi. Huo anautenga kabisa, anaufunga ndani ya mfuko mwingine na kuupandisha juu ya rafu.

"Hiyo ni mbegu ya kupanda, imepakwa dawa," anaeleza. "Mtu ilimbakia shambani, akasema, wacha nipeleke kwa masikini wasage. Hakuwa na nia mbaya. Lakini hapo angeua watu."

Kinsi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ndiye mchambuzi wa chakula katika stoo hii ndogo iliyoanzishwa wakati wa korona na akina mama wa msikitini pamoja na wenzao wa makanisa mawili ya jirani. Chakula kinachotolewa na wenye nacho kinapitia mikononi mwake kabla ya kuwafikia wasio nacho. Siku nyingine anauza viungo sokoni. Kwa kazi ya stoo hupewa posho ndogo, ya nauli na vocha ya simu, na ukimuuliza kama inatosha anacheka tu.

Kugawa ni Jumatano, na hata hiyo siku haikupatikana hivi hivi. Ijumaa ni ya msikiti, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya Wakatoliki, na akina mama walibishana wiki mbili kabla ya kukumbuka kwamba juma lina siku nyingine.

Familia kama sitini hutegemea mifuko hiyo, nyingi kutoka vijiji vya Nyamira ambako watu huchuma majani chai na kupanda ndizi. Kwenye meza ya kugawia ukiangalia, hutaona paketi hata moja ya majani chai. Wasabato wengi wa huko hawanywi chai, ingawa ndio wanaoichuma, jambo ambalo Kinsi huwatania nalo kila anapopata nafasi.

Lakini kujua nani hali nini ni kazi rahisi, anasema. Kilichomsumbua ni watu wenye chakula wanaolala njaa.

*

Ilikuwa Juni, mwaka juzi. Mahindi shambani yalikuwa bado machanga, na ya mwaka jana yalikuwa yameshaliwa. Mama mmoja wa Kebirigo aitwaye Nyamusi, mjane anayelea wajukuu wanne, hakutokea kuchukua mfuko wake kwa Jumatano mbili mfululizo. Kinsi akapanda pikipiki ya Ratemo, bodaboda anayesambaza mifuko kwa wasiojiweza, wakaenda kumwangalia.

Walimkuta amekaa mlangoni, goti limevimba. Watoto walikuwa wamekunywa uji mwembamba asubuhi, na mchana ulikuwa unapita bila dalili ya sufuria kutiwa motoni. Hata hivyo Nyamusi alipomwona Kinsi alisimama kwa goti hilo hilo.

"Soa, soa," alisema, yaani ingia, kwa Ekegusii ambacho Kinsi alikijua tangu utotoni, maana amezaliwa Keroka na kukulia sokoni. "Leo nina omogeni, mgeni! Ngoja nikupikie."

Akaingia chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kulifungua. Kinsi, aliyemfuata ili amzuie asijisumbue, akachungulia ndani.

Mlikuwa na mchele. Mchele wa pishori, vifurushi kadhaa, vingine bado vimefungwa kwa fundo ambalo Kinsi alilifunga kwa mkono wake mwenyewe. Mlikuwa na tambi, mikebe ya samaki, tende za Ramadhani na biskuti ambazo tarehe yake ilikuwa imepita. Kila kitu kizuri kilichotoka stoo kwa miezi mitano kilikuwa mle, kimepangwa vizuri.

"Nilimuuliza, mama, kwa nini watoto hawajakula hivi?" anakumbuka Kinsi. "Alinishangaa. Akaniambia, 'Lakini hii ni ya wageni. Sisi tutakulaje kitu ya wageni?'"

Katika nyumba nyingi za huku, chakula ni obokima. Obokima ni ugali, na wa wimbi ukipatikana ndio wenyewe, pamoja na mboga chungu za chinsaga. Mtu anaweza kula sinia la wali, akashiba, kisha akasema hajaweka kitu tumboni. Wali ni wa Krismasi, wa harusi, wa siku mchungaji anapokuja kuombea nyumba. Kuupika siku ya kawaida, kwa watoto wako mwenyewe, wakati njia iko wazi na mgeni anaweza kutokea saa yoyote akakuta huna, ni aibu ambayo Nyamusi hakuwa tayari kuibeba.

Basi siku hiyo Kinsi alipikiwa wali. Alikataa, akasihiwa, akala, huku watoto wamesimama mlangoni wakihesabu matonge kwa macho.

"Mchele ule niliufunga mimi ili wale watoto," anasema. "Ulikuwa unanikwama hapa." Anagusa koo lake. Kisha anarudi kwenye ungo wake wa maharagwe.

Wiki iliyofuata alianza kuuliza nyumba kwa nyumba, kwa ujanja ujanja. Nyumba moja mchele ulikuwa unamngoja mchungaji. Nyingine ulikuwa unawangoja wakwe watarajiwa, ambao walikuwa wameahirisha safari mara tatu. Mzee mmoja alimwonyesha mkebe wa samaki kwa fahari akamwambia mwanawe wa Nairobi akirudi ataukuta. Ratemo alikuwa akisikiliza yote hayo akitingisha kichwa.

"Mimi nilikuwa najua," anasema bodaboda huyo. "Hata kwetu ni hivyo. Lakini nyinyi mlikuwa mnapeana na moyo safi, nani angewaambia?"

*

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mchele haukuwa unatoka mbinguni. Ulikuwa unatoka kwa Mzee Dahir.

Mzee Dahir ni baba mdogo wa Kinsi na mfanyabiashara wa jumla anayejulikana Keroka nzima. Stoo yenyewe ni chumba chake cha nyuma, ambacho hakijawahi kutozwa kodi. Kila Ramadhani hutoa magunia ya pishori, ule ule unaopikwa kwake, na kabla ya gunia kuingia stoo huchota punje kwenye kiganja, akazinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bila yeye, stoo haina paa wala nusu ya mifuko. Na miezi ya njaa ilikuwa imeshafika.

Kinsi anakiri kwamba alilichelewesha jambo hilo kadiri alivyoweza. Siku alipolisema, alilisema vibaya.

"Nilimwambia, Adeer, mchele wako hauliwi."

Adeer ndivyo anavyomwita kwa Kisomali, kwa heshima ya baba mdogo. Heshima hiyo haikumsaidia.

"Una mawe?" Mzee Dahir aliuliza.

"Hauna."

"Una wadudu?"

"Hauna, Adeer. Ni mzuri sana. Ndiyo shida yake."

Akamweleza habari za sanduku la bati, kisha akamwomba abadilishe: badala ya pishori, wimbi, maharagwe, chumvi na mafuta ya kupikia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kofia yake akiizungusha mkononi.

"Mimi nitoe wimbi," alisema hatimaye. "Nimtolee Mungu kitu ambacho mwenyewe sikili. Na soko lote liseme Dahir amefilisika, sasa anawapa watu chakula cha kuku. Kama mchele wangu umewashinda, Kinsi, basi hata chumba changu kitakuwa kimewashinda."

Yakawa yamefika hapo. Kwa wiki nzima mzee alipita mbele ya stoo bila kuingia, na akina mama wakaanza kuuliziana chini chini kama kuna mtu mwenye chumba cha kukodisha. Kinsi hakuwa akilala vizuri. Alijua kwamba akinyamaza, mchele utaendelea kuja na watoto wataendelea kutazama wageni wakila. Akisisitiza, huenda hata hayo maharagwe machache yasiwe na pa kuwekwa.

Mwishowe alimwendea amu yake na ombi moja tu, wala hakutaja mchele. Alimwomba waende Kebirigo wakamjulie hali mgonjwa. Mzee Dahir alikuwa ametoa chakula kwa miaka lakini hakuwahi kuona kinakoishia. Kumtembelea mgonjwa hakuweza kukataa.

*

Anapofika hapa Kinsi huweka ungo chini, kwa sababu kisa hiki kinahitaji mikono miwili.

Walipoingia uani kwa Nyamusi, mama huyo hakumjua mzee ni nani. Aliona ndevu nyeupe, kanzu safi na fimbo, akajua nyumba yake imepata heshima. Kabla hawajaketi sawasawa alikuwa ameshawatuma wajukuu wamkamate kuku wake mmoja, yule yule anayetaga, akamleta mbele ya Mzee Dahir akiwa amemshika mabawa kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono mwingine.

"Chinja wewe mwenyewe, mzee," alisema kwa Kiswahili. "Najua nyinyi mko na njia yenu. Sitaki ukae kwangu na njaa."

Mzee Dahir alimtazama kuku. Akawatazama watoto. Akasema daktari amemkataza nyama ya kuku kabisa.

"Adeer anakula kuku kila Ijumaa!" Kinsi anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Na wa kukaanga!"

Kuku akaachiliwa. Wali haukuweza kuzuilika. Ulipowekwa mezani umefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, mvuke ukapanda, na mzee, ambaye pua yake imefanya biashara ya nafaka maisha yake yote, akanyanyua kichwa.

"Mchele mzuri huu," alisema. "Pishori yenyewe. Mnanunua wapi?"

"Hatununui, mzee," Nyamusi alimjibu. "Tunapewa hapo Keroka. Kuna mzee mmoja anautoa mwezi wenu ya kufunga, Mungu ambariki. Mimi nimeuweka vizuri, hakuna mtoto ameguza. Nilikuwa nangoja mtu kama wewe."

Mkono wa Mzee Dahir ulikuwa umefika nusu ya njia kuelekea mdomoni. Ulibaki hapo.

Mlangoni walikuwa wamesimama wale wajukuu wanne. Mzee akawaita waje wakae. Bibi yao akawakanya kwa jicho, akaeleza kwa upole kwamba watoto watakula kitakachobaki. Basi Mzee Dahir akala matonge matatu, polepole, akasema ameshiba, akashukuru, akaisukuma sahani ikiwa imejaa karibu kama ilivyokuja. Nyamusi akahuzunika kwamba mgeni hakupenda chakula chake. Walipokuwa wanaaga, sahani ilikuwa tayari imeondoka mezani na ndani watoto walikuwa wameizunguka.

Njia nzima hadi Keroka mzee alitazama mashamba ya kando. Kinsi alidhani amemuumiza, na anasema kweli alikuwa amemuumiza. Walipofika dukani ndipo alipomgeukia.

"Wimbi siku hizi inauzwaje sokoni Marani?" aliuliza.

*

Mwandishi yeyote angetamani kisa kiishie hapo, mzee ameelewa na watoto wameshiba. Lakini Nyamusi hakuwa amemaliza.

Magunia ya wimbi yalikuja, na maharagwe, na mafuta. Mchele ukaondoka kwenye mifuko. Kinsi alikuwa anajisikia vizuri, anavyosema mwenyewe, "kichwa kimevimba kidogo". Baada ya miezi miwili hivi, Nyamusi, goti limepona, akaja stoo akapanga foleni, akachukua mfuko wake, akaufungua pale pale mezani na kuukagua hadi chini.

"Mchele iko wapi?" aliuliza.

Kinsi akaanza kueleza kwamba sasa wanatoa chakula cha kuliwa, kwamba watoto wanahitaji kitu cha kila siku. Nyamusi akamwacha amalize.

"Watoto wanakula, nashukuru," alisema. "Wamenona, hata mwalimu ameniambia. Lakini jana shemeji yangu amekuja, nikajificha kwa shamba ya majani chai mpaka akaenda. Mimi, kujificha mtu kwangu! Mmenishibisha, halafu mmenifungia mlango."

Mama mmoja nyuma ya foleni akasema ni kweli, na mwingine, na mwingine.

Kinsi alijisikia vibaya siku ile kuliko hata siku ya sanduku la bati. Alikuwa amedhani mtu akiwa masikini, shida yake ni tumbo tu. Yeye mwenyewe, mwanamke aliyelelewa katika nyumba ambamo mgeni hupewa chai kabla ya kuulizwa jina, angewezaje kusahau hilo?

Tangu hapo ana makapu mawili. Kapu la kulia ni la kuliwa, na hilo ndilo linalojaza mfuko: unga wa wimbi au wa mahindi, maharagwe, ndengu, chumvi, mafuta, ndizi mbichi zikipatikana. Kapu la kushoto ni la kuwekwa. Kutoka humo kila mfuko hupata kifurushi kimoja kidogo kilichofungwa kwa uzi mwekundu, mchele au tambi, cha kutosha sahani mbili tatu. Kila mtu anajua uzi mwekundu maana yake nini. Wenye kifurushi ambacho hakijapata mgeni husema, na Jumatano hiyo hawapewi kingine.

Mzee Dahir alipoambiwa kwamba pishori yake inahitajika tena, ingawa kidogo, alijifanya hajali. Siku hiyo hiyo alileta gunia, akalinusa mlangoni kama zamani.

Wachangiaji wapya bado huja na kila kitu. Kuna aliyeleta chupa ya viungo iliyotumika nusu. Kuna kijana wa kutoka Nairobi aliyeleta mikebe mizuri sana, na Ratemo aliyesoma maandishi ndiye aliyegundua ni chakula cha paka. Kinsi hawakaripii. Huwauliza swali moja tu.

"Nawaambia, nyumbani kwako, siku ambayo hakuna mgeni, hakuna sikukuu, mmechoka, mvua inanyesha, mnakula nini? Leta hicho."

Wengine hukasirika. Wengi hutulia, wakafikiri, kisha wakarudi na maharagwe.

Kabla ya miezi ya njaa ya mwaka huu, anapanga kuzunguka makanisani na misikitini, Keroka hadi Marani, kuwauliza watu swali hilo hilo ana kwa ana. Ratemo ameahidi kumbeba, kwa sharti kwamba mafuta ya pikipiki yasiwe ya kupikia.

*

Wiki iliyopita Kinsi alipeleka mifuko Kebirigo mwenyewe. Kwa Nyamusi aliwakuta wamekaa kula. Mama huyo hakusimama. Alimsogezea kigoda kwa mguu, akammegea tonge kubwa la obokima wa wimbi, akamwekea chinsaga kwenye sahani ile ile ya wajukuu, akaendelea na habari zake za bei ya majani chai.

"Mimi nikamwangalia Kinsi," anasema Ratemo, aliyekuwa naye. "Nikamwambia, dada, leo umeshushwa cheo. Umepewa ugali!"

Kinsi alikuwa ameshika tonge na machozi yanamlengalenga. Nyamusi akafikiri mboga ni chungu mno, akaomba maziwa yaletwe.

"Hazikuwa chungu," Kinsi anasema. "Nilikuwa nimefurahi tu. Mtu anayepewa wali hapo ni mgeni. Mimi nilipewa kile wanachokula wao."

Anafunga kifurushi cha mwisho kwa uzi mwekundu, anaukata kwa meno. Nje, lori la ndizi limeshaondoka na Mzee Dahir amesimama mlangoni mwa duka lake, fimbo mkononi, akijifanya anaangalia barabara. Siku hizi huenda Kebirigo mara kwa mara, na safari ya juzi alirudi amenuna. Alikuwa amepikiwa wali.

"Ananiuliza kila wiki, 'Kinsi, mimi watanipa lini hiyo wimbi?'" Kinsi anapunguza sauti mzee asimsikie. "Nimemwambia avumilie. Hilo ndilo tumaini langu sasa. Siku Adeer atakuta wanakula, na mtu asisimame."